Delhi kwa macho ya mwanafunzi wa Kibongo: Lal Qila, India Gate na "Afrika Mashariki" iliyochongwa juu ya tao

#1 Mluguru Haryana

Wakuu habari za jioni. Wakubwa wangu shikamooni.

Nasoma famasia jimbo la Haryana, kaskazini mwa India. Kwa sisi wa huku, Delhi ni mahali pa kubadilishia basi na kuhangaikia makaratasi ya viza, basi. Februari hii mitihani imekwisha, ukungu wa baridi umeondoka, jua bado halijaanza kuchoma. Tukajikusanya Wabongo, Mkenya na Mrundi, tukasema safari hii twende kama watalii. Nikaweka sharti moja: tusianzie madukani. Nataka ngome, malango na minara ya vita. Walinuna kidogo, wakakubali.

Uzi ni mrefu. Asiye na muda aruke moja kwa moja hadi India Gate.

Mabasi ya Haryana yanashusha Kashmere Gate. Watu maelfu wanapita kituo kile kila siku bila kujua kwamba lango lenyewe bado lipo, dakika chache kwa miguu. Ni lango la matao mawili kwenye mabaki ya ukuta wa mji wa zamani. Tarehe 14 Septemba 1857 wahandisi wa jeshi la Waingereza walililipua kwa baruti ili kuingia mjini, maana askari wa Kihindi walioasi walikuwa wameushika mji tangu Mei. Mashimo ya mizinga bado yanaonekana ukutani, mengine makubwa kuliko kichwa cha mtu. Mbwa wamelala kivulini, vijana wanacheza kriketi pembeni, hakuna kiingilio. Kwangu pale ndipo historia ya kijeshi ya Delhi inapoanza kueleweka, kwa sababu karibu kila kitu utakachoona baadaye ni jibu la mwaka ule wa 1857.

Toka pale panda metro hadi kituo cha Lal Quila. Akina dada wenzangu, behewa la kwanza ni la wanawake tupu, hakuna kusukumana na mtu. Mizigo inapita kwenye mashine kila kituo, kama uwanja wa ndege.

Lal Qila ni ngome ya mawe mekundu aliyoijenga Shah Jahan (huyu huyu wa Taj Mahal) kati ya 1638 na 1648 alipouhamisha mji mkuu kutoka Agra. Unaingia kwa Lango la Lahore, unapita kwenye soko lililoezekwa ambako wake wa wafalme walikuwa wananunua hariri na leo wanauza sumaku za kubandika kwenye friji. Mbele kuna Diwan-i-Am, ukumbi wa kusikiliza raia, na nyuma yake Diwan-i-Khas, wa marumaru nyeupe, mlimokuwa na kiti cha enzi cha tausi mpaka Nadir Shah wa Uajemi alipouteka mji 1739 akaondoka nacho.

Sasa, kilichonishangaza. Ukitoka kwenye hayo marumaru unakutana na majengo marefu ya ghorofa, mazito, ya rangi ya vumbi, yasiyofanana na chochote. Hizo ni kambi za jeshi la Waingereza. Baada ya kushinda walibomoa sehemu kubwa ya kasri, wakajenga mabweni ya askari juu yake. Na mfalme wa mwisho, Bahadur Shah Zafar, mzee wa miaka zaidi ya 80, mshairi, walimshtaki humo humo katika nyumba ya babu zake mwaka 1858, wakampeleka Rangoon akafia huko 1862.

Jeshi halikutoka kwenye ngome hata baada ya uhuru. Jeshi la India lilikaa humo mpaka Desemba 2003. Ndiyo maana naiita ngome ya kijeshi na si kasri. Leo zile kambi zimegeuzwa makumbusho, zilifunguliwa Januari 2019: moja ya mapambano ya 1857, nyingine ya Subhas Chandra Bose, mpigania uhuru, na jeshi lake lililopigana na Waingereza, nyingine ya mauaji ya raia pale Jallianwala Bagh na ya Wahindi kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Kwenye ile ya Bose nilikaa sana. Mwishoni mwa 1945 Waingereza waliwashtaki maofisa watatu wa jeshi la Bose ndani ya Lal Qila: Shah Nawaz Khan, Prem Sahgal na Gurbaksh Singh Dhillon. Mwislamu, Mhindu, Kalasinga. Ukitaka kuunganisha nchi nzima dhidi yako, chagua washtakiwa hivyo hivyo. Nehru mwenyewe, waziri mkuu wa kwanza wa India baadaye, alivaa joho la uwakili akaingia mahakamani baada ya miaka mingi ya kuliacha.

Nakula kwanza, narudi na India Gate.

#2 Kidume cha Buza

Nimeweka kambi. Picha ziko wapi?

#3 Mama Ntilie Mstaafu

Mwanangu hongera kwa kutembea na akili. Kiingilio bei gani? Mdogo wangu anakwenda kwa matibabu mwezi wa nne, nataka akipona apumzishe macho.

#4 Mluguru Haryana

Marahaba… hapana, shikamoo mama 😂 Lal Qila mgeni analipa bei ya mgeni, ambayo ni zaidi ya mara kumi ya bei ya mwenyeji. Kata tiketi mtandaoni, inapungua kidogo na unakwepa foleni. Jumatatu wamefunga. India Gate na National War Memorial (ukumbusho wa taifa wa vita, pembeni yake) ni bure kabisa. Mwambie mgonjwa aanze na hizo za bure, jioni, kuna nyasi za kukaa.

Haya, India Gate.

Kutoka Lal Qila tulichukua bajaji. Bajaji zile zile za kwetu, ila hizi kijani na njano na zinatumia gesi. Dereva alitaja bei mara tatu, tukacheka naye, tukafika.

India Gate ni tao la mita 42 katikati ya uwanja mpana, mwisho wa ile barabara ya gwaride la 26 Januari, sikukuu ya Jamhuri. Mchoraji ni Edwin Lutyens. Jiwe la msingi liliwekwa 1921, likazinduliwa Februari 1931. Ni la kuwakumbuka Wahindi zaidi ya 70,000 waliokufa wakipigania Waingereza kwenye Vita Kuu ya Kwanza, na ile vita ya Afghanistan ya 1919. Kuna minyororo, huwezi kupita chini yake. Unasimama hatua kadhaa, unainua shingo.

Mkenya wetu ndiye aliyeanza kusoma maandishi ya juu kwa sauti. Kwa Kiswahili yanakwenda hivi: kwa wafu wa majeshi ya India waliokufa na wanaoheshimiwa Ufaransa na Flanders, Mesopotamia na Uajemi, Afrika Mashariki, Gallipoli na kwingineko…

Akanyamaza. Akarudia: Afrika Mashariki.

Jamani, nimepita shule ya msingi hadi kidato cha sita Morogoro, nikafaulu historia, na sikuwahi kufikiri kwamba kwetu ni mahali ambapo watu wa Punjab na Kashmir walikwenda kufia. Kwa Mhindi aliyezaliwa 1895 kijijini, Tanganyika ilikuwa uwanja wa vita wa mbali, kama sisi tunavyoisikia Burma. Wauza puto na chai wanapita chini ya hilo neno na hakuna anayeliangalia.

Swali kwa wanaojua: kuta za tao zimejaa majina, zaidi ya 13,000. Je, waliokufa Tanga wamo?

#5 Mzee wa Chumbageni

Binti, umenitoa usingizini. Mimi ni wa Tanga, na babu zangu walikuwapo.

Majina unayoyaona kwenye lile tao kwa sehemu kubwa ni ya waliokufa mpaka wa kaskazini-magharibi mwa India na Afghanistan. Waliokufa Tanga ukumbusho wao uko huku huku Tanga, kwenye makaburi ya vita. Na Dar es Salaam kuna ukumbusho wa Waingereza na Wahindi ndani ya makaburi ya vita ya barabara ya Bagamoyo, kwa wale waliokufa kuanzia 1917 wasiojulikana walipozikwa. Nairobi nao wana wao.

Kisa chenyewe kwa ufupi. Novemba 2, 1914 meli za Waingereza zilitia nanga nje ya Tanga zikiwa na askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi waliokaa wiki kadhaa melini, wamechoka, wanatapika. Nahodha wa manowari ya Fox akaenda kwanza kumwambia Mjerumani wa bomani ajisalimishe. Mjerumani akaomba muda wa kushauriana. Aliutumia vizuri muda huo! Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akaleta askari wake kwa treni kutoka Moshi, na usiku wa tarehe 3 akazunguka mjini kwa baiskeli kukagua. Waingereza walishuka Ras Kazone. Tarehe 4 wakaingia kwenye mashamba na vichaka wakapigwa. Wajerumani walikuwa kama elfu moja tu, wengi wao askari Waafrika.

Nyuki walikuwepo kweli. Mizinga yao ilikuwa kwenye miti, risasi zikaivuruga, wakauma pande zote mbili. Mengine watu wameongeza chumvi, wakasema Mjerumani aliwafunza nyuki kazi.

Na tuwape haki yao: askari wa Kashmir, wale wa maharaja, walipigana wakaingia mjini hadi forodhani. Tarehe 5 Waingereza wakaondoka wakaacha bunduki mamia, bombomu 16 na risasi kama 600,000. Mjerumani alizitumia hizo muda mrefu.

#6 Msafiri wa Voi

Mzee shikamoo. Niongezee upande wetu wa Kenya.

Ukitoka Voi kwenda Taveta, unapita Maktau na kilima cha Salaita. Hiyo reli ilijengwa na jeshi wakati wa vita ili wapate maji na chakula kuelekea Moshi. Maktau kuna makaburi ya Wahindi, na Taveta pia. Magari ya watalii yanapita kwa kasi kwenda kuona tembo, hakuna anayesimama.

Pale Salaita, 12 Februari 1916, Wasauzi weupe walishambulia kilima wakarudishwa mbio. Waliowafunika mgongo wasimalizwe ni kikosi cha 130 cha Baluchi, watu ambao hao hao weupe walikuwa wakiwadharau kambini. Leo kikosi hicho ni urithi wa jeshi la Pakistan, kwa hiyo hata wakumbukwao wa lile tao wamegawanywa na mpaka wa 1947.

Kitu kingine, dada: ukiangalia kutoka India Gate hadi kwenye Rashtrapati Bhavan, ikulu ya rais wa India, yale majengo mawili ya wizara kushoto na kulia ni ya Herbert Baker. Huyo huyo ndiye alichora Ikulu ya Nairobi. Mkenya wenu aliyekuwa hapo hakuwaambia?

#7 Chuma Ulete

Mimi nitakuwa mchungu kidogo. Mbona tunawahurumia? Hawa walikuja kuiteka nchi kwa niaba ya bwana wao. Wangeshinda Tanga 1914 tungefurahia nini? Na nyie wa Tanga mnamsifu Lettow kama mjomba wenu.

#8 Mzee wa Chumbageni

Sijamsifu mtu. Nimesema alizunguka kwa baiskeli.

#9 Kalamu ya Songea

Chuma Ulete ana hoja, ila aikamilishe. Jeshi lililoshinda Tanga 1914 ni lile lile lililochoma mashamba na maghala ya Ungoni wakati wa Maji Maji, 1905 hadi 1907, likaua watu kwa njaa. Ndani yake walikuwamo Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wasudani. Upande wa pili Wapunjabi na Wakashmiri. Wote wanalipwa mshahara na Mzungu, wanauana kwenye shamba la Mzungu mwingine. Sasa hapo adui ni nani?

#10 Mluguru Haryana

Kalamu, swali lako nimelikuta limechongwa kwenye jiwe Delhi, na jibu lake chini yake. Sikuwa nimepanga kuandika hii sehemu.

Kaskazini mwa mji, karibu na chuo kikuu cha Delhi, kuna kilima chenye msitu na nyani wakorofi (msipeleke chakula, nawaonya). Juu yake kuna mnara mwekundu wenye ncha kama wa kanisa. Waingereza waliujenga 1863 kuwakumbuka askari wa upande wao waliopigana kuirudisha Delhi 1857. Vibao vyake vinataja vikosi na hesabu ya waliouawa na kujeruhiwa, vikitenganisha Wazungu na wenyeji, na waasi wanaitwa "adui".

India huru haikuubomoa. Mwaka 1972 wakaupa jina jipya, Ajitgarh, wakaweka kibao kingine kinachosema kwamba hao walioitwa adui kwenye mnara huu ndio mashujaa waliopigania uhuru wa nchi. Kibao kidogo tu. Maandishi ya Mwingereza yamebaki juu, mstari kwa mstari, na mjukuu wa adui ameandika chini yake.

Nimesimama pale muda mrefu kuliko Lal Qila. Mrundi wetu alisema kwao mtu angeanza na nyundo. Mimi naona hii ndiyo akili ya Delhi: anayeshinda anaweka jiwe lake kando ya la aliyeshindwa.

#11 Chuma Ulete

Usiwapake mafuta sana. Sanamu ya mfalme George wa Tano iliyokuwa nyuma ya India Gate si waliing'oa 1968? Na juzi juzi wakaweka ya Bose. Barabara ya Rajpath, ile ya gwaride, si imebadilishwa jina?

#12 Mluguru Haryana

Kweli. Bose wa jiwe jeusi amewekwa Septemba 2022, na barabara ikawa Kartavya Path mwezi huo huo. Na kuna jambo lililowauma Wahindi wengi niliozungumza nao: chini ya India Gate kulikuwa na moto usiozimika, bunduki imesimamishwa mdomo chini na kofia juu yake, uliowashwa Januari 1972 baada ya vita na Pakistan. Januari 2022 ukahamishiwa National War Memorial, mita mia chache nyuma. Wapo wanaosema ni sawa, moto wa India usikae chini ya tao la Mwingereza. Wapo wanaosema baba zao waliukuta pale na ungebaki pale. Mwenye chai pembeni alisema amechoka kuulizwa na watalii moto uko wapi.

National War Memorial yenyewe ilizinduliwa Februari 2019. Ni miduara minne chini ya usawa wa ardhi, katikati mnara na ule moto. Mduara mmoja umejengwa kwa vipande vya itale, kila kipande jina moja, zaidi ya 25,000, wote waliokufa baada ya uhuru. Hakuna jenerali mbele na koplo nyuma. Jioni kuna gwaride fupi la kuweka shada na familia ya mmoja wa marehemu hualikwa. Tulimwona mama wa makamo akiwa na mwanae wa kiume, kavaa sare ya shule. Hatukupiga picha, Kidume utusamehe.

#13 Mtu wa Kenya, Lubumbashi

Jambo bandugu. Miye ni mtu wa Lubumbashi, kwetu ni commune Kenya, si inchi ya Kenya.

Dada, pale War Memorial kuna sanamu za vichwa vya wale walipata nishani kubwa ya India. Uliona Gurbachan Singh Salaria? Huyu alikufa kwetu. Tarehe 5 Desemba 1961, Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Alikuwa na kofia ya ONU (Umoja wa Mataifa), wakati wa vita vya Katanga, jimbo letu lilipotaka kujitenga na Congo. Bagendarme (askari) ya Tshombe, mkubwa wa Katanga, bakafunga njia, yeye na Bagurkha wake kidogo bakaingia na visu na grenadi. Alipigwa risasi ya shingo. Ndiye askari wa amani wa ONU peke yake mwenye hiyo nishani. Kwetu bazee bengine banasema ONU bililinda inchi, bengine banasema biliua raia wetu. Miye sikati maneno.

#14 Mluguru Haryana

Nilimwona! Sehemu inaitwa Param Yoddha Sthal, vichwa 21 vya shaba kwenye bustani upande mmoja wa miduara. Nilisoma "Congo" nikadhani macho yangu. Asante sana ndugu yangu kwa kutufungulia.

#15 Mjukuu wa KAR

Mimi nasoma huu uzi na babu yangu kichwani. Alikwenda Burma na King's African Rifles (KAR), jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, akapitia Ceylon. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw 1944 kwenye mvua na malaria ikiwafukuza Wajapani mpaka mto Chindwin. Jeshi la Bose la kwenye makumbusho yako, mleta uzi, lilikuwa upande wa Wajapani. Kwa hiyo mashujaa wa Lal Qila na babu yangu walikuwa pande mbili za msitu mmoja. Babu alirudi na koti na radio, akaishi akilima kahawa. Jina lake haliko popote kwa sababu hakufa. Wa 1914 je, waliokufa?

Wapagazi wa Kariakoo (yaani Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo) waliokufa wamefikia karibu 100,000 kwa makadirio ya wanahistoria, upande wa Mwingereza pekee. Njaa, kuhara, mizigo. Tunayo Sanamu ya Askari Dar, ya 1927, na Nairobi na Mombasa pia, yenye Kiswahili kizuri kinachowaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Jina hata moja hakuna. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola ya makaburi ya vita yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na wa Mashariki ya Kati, hawakuwekewa kumbukumbu ya majina yao au yoyote kabisa, na huenda wakafika 350,000.

#16 Kalamu ya Songea

Na ndiyo maana mimi nikipita pale Samora naangalia bayoneti inakoelekea, bandarini, najiuliza anamlinda nani.

#17 Mama Ntilie Mstaafu

Wanangu mmenitoa machozi na mimi niliuliza kiingilio tu.

#18 Mluguru Haryana

😂 Mama, mwambie mgonjwa abebe pasipoti, avae viatu vya kutembea, na asiende wiki za kabla ya 26 Januari, maana eneo la India Gate hufungwa mara kwa mara kwa mazoezi ya gwaride.

Qutub Minar na kaburi la Humayun tulikwenda, ni maridadi, ila yana nyuzi zao tayari humu.

Mzee wa Chumbageni, nina ombi. Darasani tuna kijana wa Jammu ambaye baba wa babu yake alikuwa kwenye jeshi la maharaja wa Kashmir. Nilimwambia kuhusu forodha ya Tanga akaacha kula. Ukipata nafasi ya kupita kwenye yale makaburi ya vita, nipigie picha ya chochote chenye neno Kashmir, nimpelekee.

#19 Mzee wa Chumbageni

Ijumaa nikitoka msikitini nitapita. Muulize huyo kijana jina la mzee wake na kikosi, uniandikie kwa herufi za Kizungu. Zao sizisomi.